Feromoni

Mtego wa kantangaze, nondo msumbufu wa nyanya, shambani Mgeta au kwingine, waweza kuwa beseni tu la maji yaliyotiwa sabuni kidogo, juu yake kikaning'inizwa kipande cha mpira kisichozidi ncha ya kidole. Ukikinusa, husikii kitu. Kumbe nondo dume hukisikia tangu mbali. Alfajiri hukifuata, akazunguka weee, mwisho akatumbukia. Ukichungulia beseni utakuta vijinondo vya kijivu, karibu vyote madume. Asiyeujua mtego hudhani mpira una sumu. Hauna. Umetiwa kemikali ileile anayoitoa jike akimwita dume, ila hii imetengenezwa maabara.

Hiyo ndiyo feromoni. Neno lilibuniwa mwaka 1959 na Peter Karlson na Martin Lüscher kutokana na Kigiriki, likiunganisha kubeba na kuchochea. Mwaka huohuo Adolf Butenandt alitangaza feromoni ya kwanza kutambuliwa, ya nondo wa hariri, iliyokamuliwa kutoka kwa majike wapatao 500,000. Kiswahili kimelipokea kwa sauti, na nadhani tumefanya vema, kwa sababu linakaa jirani na homoni: homoni hutumwa ndani ya mwili, feromoni hutoka mwili mmoja kwenda mwingine. Tungeliita "harufu ya mapenzi" tungemwacha nje nyuki, ambaye akichoma huacha kemikali yenye harufu ya ndizi mbivu inayowaita wenzake waje kuchoma palepale. (Waliowahi kurina asali wanajua.)

Sharti la feromoni ni moja: mtoaji na mpokeaji wawe spishi moja. Kabichi ikitafunwa na kiwavi wa nondo mgongo-almasi hutoa harufu, na nyigu mdogo Diadegma semiclausum, ambaye kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE kilimwachia mashambani Kenya mwaka 2002, huifuata hadi kwa kiwavi na kumtagia yai mwilini. Hiyo si feromoni. Jina la ukoo mzima wa kemikali kama hizi, za mimea na wanyama pamoja, ningependa liwe kemikali-ishara. "Kemikali za mawasiliano" inanukia ofisi ya simu.

Kantangaze, mzaliwa wa Amerika Kusini, aliripotiwa Tanzania mwaka 2014. Mtego peke yake haummalizi: dume mmoja aliyesalia hupanda majike kadhaa, na imeonekana maabara kwamba jike aweza kuzaa hata bila dume. Faida kubwa ya mtego ni hesabu. Madume wakizidi ndani ya beseni, mkulima huanza kupekua majani akitafuta mayai na mapito ya viwavi.