Cinder: Sinderela mwenye mguu wa chuma

Sinderela wa kiatu cha kioo unamjua. Kwenye Cinder, riwaya ya Mmarekani Marissa Meyer iliyotoka 2012, binti huyo ni fundi mitambo wa New Beijing, nusu mtu nusu mashine. Mama wa kambo yupo, tena mkali vilevile. Tauni inaua watu, na malkia wa Mwezini anataka kuolewa na mtawala kijana. Kwenye dansi ya ikulu Cinder hapotezi kiatu. Unaomchomoka ni mguu wenyewe wa chuma, wa utotoni, uliokuwa umeshambana.

Scarlet, Cress na Winter (2015) zikafuata.

Kwa kijana wa Dongobesh au Katesh, cha kuiga ni mbinu: hadithi ya zamani, dunia ya kesho. Malighafi ipo. Kwa Wairaqw, Looaa ni jua, mwanamke, tena mwema. Pepo wa kuogopwa wanakaa majini, kwenye chemchemi na mito. Shida ni kwamba wanaozijua vizuri simulizi hizi ni wazee, na wanazisimulia kwa mdomo.

Rasimu ya Cinder? Meyer aliiandika Novemba 2008, kwenye changamoto ya kuandika maneno 50,000 ndani ya mwezi mmoja.