Jina Chini ya Picha: Kadi za Waigizaji na Wambuti wa 1905

Katika nyumba nyingi za Timau, kama kwingineko nchini Kenya, picha zilizotundikwa sebuleni ni za jamaa wa nyumba hiyo, na mgeni hutajiwa majina yao mmoja mmoja. Katika Uingereza ya enzi ya Malkia Victoria desturi ilikuwa pana zaidi: ndani ya albamu, picha ya mama mzazi iliweza kukaa kando ya picha ya mwigizaji ambaye wenye nyumba hawakupata kukutana naye.

Ufundi ndio uliowezesha jambo hilo. Mwaka 1854 Disdéri wa Paris alipata haki ya uvumbuzi wa kupiga picha kadhaa juu ya bamba moja. Picha zikashuka bei, zikabandikwa juu ya kadi ndogo, zikauzwa madukani. Mwaka 1880, yasemekana, Sarony wa New York alimlipa Sarah Bernhardt dola 1,500 ili ampige picha. Kilichonunuliwa hasa ni jina.

Je, Mwafrika aliyepanda jukwaa hilo aliuzwa kwa jina gani? Mwaka 1905, miaka minne baada ya Malkia kufariki, James Harrison aliwaleta London Wambuti sita kutoka msitu wa Ituri, mashariki ya Kongo. Walionyeshwa katika ukumbi wa Hippodrome, sauti zao zikanaswa katika santuri, na kadi za picha zao zikauzwa. Walitangazwa kwa neno la Kizungu ambalo sisi hulifasiri "mbilikimo": neno litajalo kimo cha mtu, lisitaje ustadi wake.

Hata hivyo majina yao yamesalia: Bokane, Quarke, Mogonga, Mafutiminga, Amuriape na Matuka. Jina la nne lastahili kutazamwa na mwanaisimu. Yaelekea kuwa ni "mafuta mingi" ya Kiswahili cha Kongo, lililoandikwa kwa sikio la Kiingereza. Ikiwa ndivyo, lashuhudia jinsi Kiswahili kilivyopenya Ituri pamoja na misafara ya biashara. Lakini pia latuonya kwamba hata jina lililosalia laweza kuwa lakabu tu, aliyobandikwa mtu na wageni.

Wambuti hao walirejea kwao mwaka 1907. Kadi zilibaki Ulaya. Tusiwaachie wanahistoria wa picha peke yao. Maandishi yaliyo chini ya picha ni matini, na kuyasoma ni kazi yetu.