Mwanaakiolojia anapofuatwa na jeshi

Januari 2003, miezi miwili kabla ya Iraq kuvamiwa, McGuire Gibson wa Chuo Kikuu cha Chicago alikwenda Pentagon kuwaonyesha maafisa yalipo maeneo ya kale na kuwaonya kuhusu Makumbusho ya Taifa ya Baghdad. Mwezi uliofuata, Wizara ya Ulinzi ya Uingereza ilimfuata Peter Stone wa Newcastle kwa haja kama hiyo, naye akakubali.

Je, walifanya sawa? Stone alishika kwamba vita vikishaamuliwa, ni afadhali mtaalamu awepo apunguze hasara. Yannis Hamilakis, mwanaakiolojia wa Kigiriki, aliwashutumu wenzake: wanalilia vigae na matofali ilhali binadamu wanauawa, na elimu yao inavisha vita nguo ya ustaarabu.

Hasara ilikuja vilevile. Kati ya tarehe 10 na 12 Aprili makumbusho yaliporwa, vitu kama 15,000 vikatoweka. Babeli nayo ikageuzwa kambi ya jeshi hadi mwisho wa 2004. John Curtis wa British Museum alipoikagua alikuta mahandaki, barabara ya matofali ya miaka 2,600 imepondwa na magari, na mifuko ya mchanga iliyojazwa udongo wenye vigae vya kale. Mkataba wa Hague wa 1954 unazilinda mali kama hizi, lakini Marekani iliuridhia 2009 na Uingereza 2017. Walipoivamia Iraq, hakuna kati yao aliyekuwa amejifunga nao!

Kwangu mimi Hamilakis ana haki zaidi, ingawa sioni vipi mtu anayejua kaburi liliko angenyamaza lipigwe bomu. Orodha na itolewe, ila hadharani, kwa pande zote, bila mkataba wa siri wala mshahara wa jeshi. Mchimbaji wa kigeni hufunguliwa mlango na wenyeji. Amekula chumvi yao miaka na miaka, na deni lake la kwanza ni kwao.

Mmoja wa wenyeji hao ni marehemu Donny George, mkuu wa utafiti wa makumbusho yale na baadaye mkurugenzi. Aliwahangaikia wanajeshi waje kuyalinda, wakachelewa. Mwaka 2006 aliamuru milango izibwe kwa zege, kisha akaikimbia nchi yake kwa vitisho.