Daftari la Wakosaji na Ulinzi wa Watoto



Huko Marekani, mtu aliyehukumiwa kwa kosa la kingono hamalizi habari yake siku anapotoka gerezani. Jina lake huandikwa katika daftari la jimbo, pamoja na picha na makao yake, na mara nyingi yeyote mwenye simu aweza kulisoma. Tumeona vema kuwasimulia jinsi daftari hilo lilivyozaliwa, kwa maana ndani yake mna swali lisilokwepeka hata kwetu: mtoto analindwa kwa njia gani?

Jimbo la kwanza kutunga sheria ya namna hii lilikuwa California, mwaka 1947. Mhukumiwa alipaswa kujiandikisha kwa polisi wa mahali alipokaa, na kutoa taarifa kila alipohama. Kwa miaka mingi daftari lilibaki mikononi mwa polisi, raia hawakulisoma.

Kilio cha wazazi ndicho kilichobadili mambo. Tarehe 22 Oktoba 1989, katika jimbo la Minnesota, Jacob Wetterling, mtoto wa miaka 11, alikuwa akirudi nyumbani kwa baiskeli pamoja na mdogo wake na rafiki yao. Mtu aliyeficha uso aliwasimamisha kwa bunduki, akaondoka na Jacob. Mwaka 1994 Bunge la Marekani lilipitisha sheria yenye jina la mtoto huyo, ikitaka kila jimbo liwe na daftari. Jimbo lisilotii lingepunguziwa fedha za serikali kuu. Mwaka huo huo, huko New Jersey, Megan Kanka, msichana wa miaka 7, aliuawa na jirani wa ng'ambo ya barabara. Jirani huyo alikuwa amekwisha kuhukumiwa mara mbili kwa kuwadhuru watoto, na wazazi wa Megan hawakujua. Walisema kwamba wangalijua, wangalimlinda binti yao. Nani angeweza kuwajibu? New Jersey ilitunga sheria ya kuwajulisha majirani, na mwaka 1996 serikali kuu ikayataka majimbo yote yafanye vivyo hivyo.

Sheria ya tarehe 27 Julai 2006, yenye jina la Adam Walsh, iliwagawa wakosaji katika madaraja matatu. Wa kwanza huandikwa kwa miaka 15, akijitokeza mbele ya wakuu mara moja kwa mwaka; wa pili kwa miaka 25, akijitokeza kila miezi sita; wa tatu kwa maisha yake yote, kila miezi mitatu. Mahakama ya Juu ilikuwa imekwisha kuamua mwaka 2003, katika kesi iliyotoka Alaska, kwamba kuandikwa huko hakuhesabiwi kuwa adhabu. Ni habari ya kuwakinga raia. Kwa hiyo sheria yaweza kuwafikia hata waliokosa kabla haijatungwa.

Miji mingi iliongeza masharti yake. Eneo la Miami liliwakataza baadhi ya walioandikwa kukaa karibu na shule, kwa umbali wa mita zipatazo 760. Katika mji uliojaa shule, wengi walikosa pa kulala, wakajenga vibanda chini ya daraja la Julia Tuttle, wakaishi humo kwa miaka hadi kambi ilipofungwa mwaka 2010.

Sasa tuitazame tena habari ya Jacob. Mwili wake ulipatikana mwaka 2016, baada ya muuaji kukiri. Mtu huyo aliishi katika wilaya ile ile aliyoishi Jacob. Polisi walimhoji zamani, wakamwachilia. Wakati ule hakuwa na hukumu ya kumdhuru mtoto, kwa hiyo daftari lolote lisingekuwa na jina lake. Patty Wetterling, mama wa Jacob aliyeipigania sheria ile, alikuja kuuliza hadharani kama nchi yake haikupita kiasi kwa kuwatupa wote katika kundi moja bila njia ya kurudi.

Tena, taarifa ya Wizara ya Sheria ya Marekani ya mwaka 2000 ilionyesha kwamba katika kesi zilizofikishwa polisi, wageni walikuwa takriban 7 tu kati ya watuhumiwa 100 waliowadhuru watoto. Wengine wote walikuwa ndugu au watu wanaofahamika kwa mtoto. Daftari huonyesha aliyekwisha kukamatwa. Mjomba anayeheshimiwa na mwalimu anayependwa hawamo, mpaka mtoto aseme na mtu mzima amsadiki.

Kanisa letu linalijua jambo hili kwa uchungu. Mwaka 2002, habari za Boston zilifunua kwamba baadhi ya wakuu wa Kanisa walikuwa na majina ya mapadri waliowadhuru watoto, nao wakawahamisha kutoka parokia hata parokia. Majina yaliandikwa, lakini watoto hawakulindwa. Ndiyo maana mwaka 2019 Papa Fransisko aliagiza kila jimbo katoliki liwe na njia iliyo wazi ya kupokea malalamiko.

Nasi Kongo tuna sheria juu ya ubakaji, ya tarehe 20 Julai 2006, juma moja kabla ya ile ya Adam Walsh. Pamoja nayo ilitoka nyingine inayokataza kesi ya namna hiyo kuzimwa kwa kulipa faini. Hata hivyo, ni mara ngapi jamaa hukaa chini usiku, wakapokea mbuzi, na msichana akaambiwa anyamaze? Hapo mkosaji anajulikana na kijiji kizima, bila daftari lolote.

Katika kitabu cha Mwanzo, Mungu hakuifumbia macho damu ya Abeli: alimwita Kaini kwa jina, akamhukumu. Kisha akamtia alama, ili asiuawe na yeyote atakayemkuta. Haki ya Mungu husikia kwanza aliyeumizwa, wala haimgeuzi mkosaji kuwa mnyama wa kuwindwa. Anayeogopa kusema kweli hajaanza haki hiyo. Anayefurahia kumfukuza mtu chini ya daraja hajaimaliza.

Ninyi mnaowaongoza wadogo katika Kizito-Anuarite na vikundi vingine, mlinzi wa kwanza wa mtoto ni sikio lenu. Akija kuwaambia, msimkemee wala msimwahidi siri. Mpelekeni kwa mtu mzima mwaminifu na kwa wenye mamlaka, hata kama anayetajwa ni mmoja wetu makatekista.

Kwa mazungumzo katika kikundi:
1. Katika parokia yetu, mtoto aliyeumizwa aende kwa nani? Je, watoto wenyewe wanamjua?
2. Kwa nini ni rahisi kumshuku mgeni kuliko ndugu?
3. Aliyekosa na kutumikia kifungo, tumpokee vipi bila kuwahatarisha wadogo?