Kabaka Asimame Katikati

Ukienda Luthuli Avenue kununua spika, muuzaji atakuwekea besi mpaka kifua kitetemeke. Hiyo si kupima, hiyo ni kelele. Kwangu Kangemi naanza na rekodi za Nairobi za miaka ya 60, enzi za Daudi Kabaka na Fadhili William. Alan Blumlein aliomba hataza ya stereo Uingereza mwaka 1931, lakini santuri nyingi za hapa bado zilikuwa mono. Na mono haidanganyi: mwimbaji lazima asimame katikati kabisa, pale pasipo na spika. Akivutwa upande mmoja, sogeza spika. Natumia VLC, efekti zote nimezima. Kuna faili watu wamezitanua ziwe stereo bandia, Kabaka anaelea ukutani kama moshi. Hizo nafuta, mtoto akizikuta atadhani ndivyo walivyorekodi.