Kiinua Mgongo cha Baba

Baba alikuwa dereva wa malori Tanga. Kuanzia mwaka 1966 alikatwa asilimia 5 ya mshahara, mwajiri akaongeza asilimia 5, zote zikaingia NPF, mfuko wa akiba ya wafanyakazi ulioundwa kwa sheria ya mwaka 1964. Utaratibu wake ulikuwa mwepesi kueleweka: fedha zinaandikwa kwa jina lako, zinapata riba kidogo, na ukifika uzeeni unalipwa zote kwa mkupuo. Mtaani waliita kiinua mgongo.

Baba alistaafu mwaka 1990. Miaka ya sabini alikuwa amepiga hesabu kwamba fungu lile lingemjengea nyumba. Lakini shilingi ilikuwa imeanguka. Katikati ya mwaka 1986 dola moja ilipanda kutoka shilingi 17 hadi 40, na mwaka aliostaafu ilikaribia 200. Tarakimu alizowekewa tangu ujana zilikuwapo zote, ila sokoni hazikutosha hata kuta. Alinunua bati, akalipa karo ya wadogo zangu, akamkopesha shemeji yake. Masika ya pili yalipoingia, hakuwa na kitu. Aliishi miaka 19 zaidi, na pensheni yake tulikuwa sisi watoto.

Sheria ya mwaka 1997 iliigeuza NPF kuwa NSSF, na hapo ndipo wafanyakazi kama baba walipofunguliwa mlango wa pensheni ya kila mwezi: uchangie miezi 180, ulipwe sehemu kwa mkupuo, inayobaki ikufuate hadi kufa. Mimi nilianza kazi ya ukarani mwaka 1998, nikayafuata masharti hayo. Mfuko wa Umoja wa UTT, mfuko wa uwekezaji wa pamoja, ulipoanza mwaka 2005, nikawa nanunua vipande kila nilipopata ziada, maana pensheni inanunua unga na dawa, lakini paa likivuja inahitajika akiba ya pembeni.

Mwaka 2018 mifuko minne ya watumishi wa umma iliunganishwa kuwa PSSSF, na zikatoka kanuni za kupunguza mkupuo hadi asilimia 25 ya mafao. Walimu waliumia, nami niliwaelewa: mtu aliyepanga miaka 30 kwa ndoto ya nyumba hataki kudondoshewa kidogo kidogo. Desemba hiyo Rais Magufuli akarudisha utaratibu wa awali, na Julai 2022 mkupuo ukawekwa asilimia 33. Katika mabishano yote hayo nilikuwa namwona baba na bati zake.

Shangazi yangu yuko Wete, Pemba. Ameuza vitumbua maisha yake yote, hajapata kukatwa mshahara hata siku moja. Aprili 2016 Zanzibar ilianza kumlipa kila mzee wa miaka 70 na zaidi shilingi 20,000 kwa mwezi, awe aliajiriwa au hakuajiriwa. Zilikuwa fedha ndogo. Lakini nilipomtembelea, mwenye duka alimpimia mchele kwa deni bila kusitasita, kwa sababu anajua mwezi ukiisha bibi huyu analipwa. Baba, fungu lake lilipokwisha, hakukopeshwa na mtu hata kibaba.