Mume, Mke na Hukumu: Fundisho kutoka Halberstadt, 1721

Majalada ya mahakama mara nyingine hutufunulia yale ambayo historia ya Kanisa imeyapitia kimya. Mojawapo ni jalada la Catharina Margaretha Linck, aliyezaliwa mwaka 1687 huko Ujerumani na kulelewa katika kituo cha yatima cha Halle, kazi maarufu ya mchungaji August Hermann Francke.

Alipokua, Linck alivaa mavazi ya kiume, akajiita Anastasius, akatumika jeshini. Mwaka 1717 alifunga ndoa kanisani, mjini Halberstadt, na mwanamke aitwaye Catharina Margaretha Mühlhahn.

Wanawake hawa wawili hawakubuni utaratibu mpya wa nyumba. Waliuchukua ule walioukuta. Linck alijitwalia nafasi ya mume, mwenye kutafuta riziki na kuamuru. Mühlhahn alitazamiwa kutii. Majalada yanasimulia umaskini, ugomvi, hata kipigo: mzigo uleule waliouchukua wake wengi wa siku zile.

Mama mkwe ndiye aliyeifichua siri. Wote wawili walishtakiwa, lakini hawakuhukumiwa sawa. Linck alikatwa kichwa mwaka 1721. Mühlhahn alihukumiwa kifungo cha miaka mitatu, kisha kufukuzwa nchini. Mbele ya mahakimu, aliyevaa suruali alikuwa mtenda na mnyang'anyi wa heshima ya mwanamume. Aliyevaa gauni alikuwa mjinga aliyedanganywa, ingawa mwenyewe alikiri kwamba baada ya muda aliujua ukweli, naye akaendelea kukaa.

Hapa ndipo penye fundisho. Mmoja alipoteza uhai na mwenzake akapewa nafuu kwa kipimo kilekile: dhana kwamba katika kila nyumba lazima awepo mume mwenye nguvu na mke asiye na akili yake. Dhana hiyo ilimwua Linck. Nayo ilimnyima Mühlhahn hadhi ya mtu anayewajibika mbele za Mungu kwa uamuzi wake.

Makala hii haikusudii kumaliza mjadala wa Kanisa juu ya mahusiano ya namna hiyo. Lakini sisi tuliokabidhiwa kusikiliza mashauri ya waumini, tujihoji: je, tumewahi kumhukumu mtu kwa nafasi tuliyomdhania, kabla hatujamsikia? Bwana wetu alimwuliza kila mtu habari zake mwenyewe. Nasi tufanye vivyo hivyo.